Shibiri Moja Mbele ya Uso

Kwa wale waliofungia mikate ukurasa wa Jumamosi iliyopita kabla ya kuusoma, na najua ni wengi, nitarudia dhambi zangu kwa kifupi.

Naitwa Benie. Si jina langu, lakini litatosha. Nina miaka kumi na saba. Masista walinifukuza internat, shule yao ya bweni, kwa sababu nilirudisha nyuma saa ya jikoni kwa dakika arobaini, siku ambayo askofu alialikwa chakula cha mchana. Askofu alikula wali mbichi, akaubariki. Mimi nikapewa sanduku langu.

Nyumbani, hapa Makiso mjini Kisangani, nilikuta baba yangu, Papa Kasongo mpiga picha, amepata lenzi mpya, objectif kama anavyoiita yeye. Lenzi ya kutamanika. Inachora uso wa mtu hadi unaweza kuhesabu kope, na kila kilicho nyuma yake kinayeyuka kama siagi juani. Kaka yangu Yannick, miaka ishirini na minne, akaanza kutembea nayo kifuani kama kadinali na msalaba wake. Nikaona kwa faida ya roho yake anahitaji kupunguzwa kidogo.

Ndani ya kamera kuna ukurasa wa menyu ambao nyumbani hakuna anayeujua. Kuna mstari, na katikati ya mstari kuna sifuri. Kazi yake ni kusahihisha mahali lenzi inapolenga. Nikaisukuma ile sifuri hadi ishirini. Tangu hapo, ukilenga jicho la mtu, kamera inachora vizuri sana masikio na kisogo, na uso unabaki mvuke.

Ulikuwa mzaha wa siku moja. Ukadumu wiki mbili, kwa sababu Papa alisema yeyote atakayegusa kamera yake ataenda Isangi kwa mama kukausha samaki, na examen d'État, mtihani wa mwisho wa shule, ataufanyia kule, mbele ya samaki.

Basi Papa akahangaika peke yake. Akapanga mikebe mitatu ya sardini juu ya meza, mmoja nyuma ya mwingine, akalenga wa kati. Ukatoka vizuri wa nyuma. Akabandika gazeti ukutani kwa fufu, ugali wetu wa muhogo, akalipiga. Herufi zikatoka kama ukungu. Gazeti hilihili. Papa halisomi, anasema linadanganya. Analinunua kwa sababu herufi zake ni ndogo. Kila Jumamosi mimi hutoa kwanza ukurasa wa hadithi, kwa sababu mnazozijua.

Mwishoni Papa akagundua dawa. Usilenge uso. Lenga kitu kilicho shibiri moja mbele ya uso, kisha bonyeza. "Hii objectif iko na kichwa nguvu," alimwambia Yannick kwa majivuno. "Lakini hata miye. Unamupa shibiri moja mbele, anakurudishia uso."

Na kweli nyuso zikarudi. Hapo ndipo nilipowaacha, nikicheka. Sasa sikilizeni jinsi kicheko kilivyokwisha.

*

Jumamosi hiyohiyo ukurasa ule ulipotoka, nilikuwa naingia studio na gazeti mkononi nilipomkuta Mahmoudi. Mahmoudi anauza vitambaa, ana tumbo na sauti kubwa, lakini siku hiyo sauti aliiacha nyumbani. Nikaweka gazeti chini ya mikebe ya sardini, zima kama lilivyokuja, nikasimama kusikiliza.

"Papa Kasongo, mama amekubali."

"Amekubali nini?"

"Foto."

Papa aliweka kikombe cha chai chini polepole, kama mtu aliyeambiwa mto umebadili njia.

Mama yake Mahmoudi ni Bibi Mwanahamisi wa kule Simi-Simi. Mji mzima unajua kwamba hapigwi picha. Kwenye arusi, mtu akiinua simu tu, Bibi amekwisha kujifunika mtandio. Picha moja tu ya uso wake iliwahi kuwapo, ya siku ya arusi yake, na aliyeipiga ni babu yangu. Iliungua pamoja na nyumba, zile siku sita za mabomu, majeshi ya kigeni yalipopigana humu mjini.

Siku hizohizo ndipo alipopotea Nuru, kitinda mimba wake. Alikuwa na miaka minne. Shangazi alimkimbiza, wakatembea hadi ziwani, wakavuka, wakaishia Kigoma. Shangazi akafa, habari zikakatika. Miaka ishirini na tano. Mwezi uliopita tu ndipo Nuru alipopatikana, mwanamke mzima, akasema anakuja.

"Iko njiani," alisema Mahmoudi. "Alishavuka Kalemie. Simu ya mwisho ilitoka Kindu. Toka pale hakuna réseau."

"Na mama?"

"Munganga anahesabu siku. Hahesabu juma."

"Si wangeonana kwa simu basi, kabla hajatoka Kindu..."

"Nilimwambia! Alifunika kichwa. Anasema hawezi kuonana na mutoto yake mara ya kwanza ndani ya kioo cha mutu." Mahmoudi alijifuta uso kwa kiganja. "Alisema hivi: Nuru akikuta kitanda bule, mutu hayuko, akute sura. Ya karatasi. Na apige mutoto ya yule photographe alinipigaka arusi."

Papa alisimama. Sijawahi kumwona akisimama vile isipokuwa wimbo wa taifa ukipigwa.

"Kesho saa tatu asubuhi," alisema. "Misa itaningoja."

*

Wasomaji wapendwa, hapa ndipo nilipotenda tendo jema. Naomba mlikumbuke, kwa sababu ndilo lililoharibu kila kitu.

Jumapili saa kumi na mbili asubuhi, Papa akinyoa ndevu uani, niliingia studio. Nilifikiri: picha takatifu namna hii haiwezi kupigwa na lenzi niliyoitia ugonjwa mimi mwenyewe. Nikafungua menyu. Ishirini yangu ilikuwa imekaa palepale. Nikairudisha hadi sifuri.

Nikajisikia nimeoga. Nilipiga hata ishara ya msalaba.

Shibiri ya Papa sikuifikiria. Nimejiuliza mara nyingi tangu siku hiyo kama niliifikiria kidogo nikaipuuza. Hapana. Sikuifikiria kabisa.

*

Walikuwa wamemkalisha Bibi Mwanahamisi kwenye kiti karibu na dirisha, mto nyuma ya mgongo, mtandio mweupe kichwani. Alikuwa mdogo, mdogo mno, lakini macho yalikuwa yameamka.

Yannick alishika mwavuli wa kuzuia jua. Mimi nilishika kitambaa cheupe cha kurudisha mwanga usoni.

"We Kasongo," alisema Bibi. "Baba yako siku ile aliniambia nisicheke. Na wewe utaniambia nisicheke?"

"Cheka, mama."

"Sina meno ya kuchekea."

Hata Mahmoudi alicheka. Bibi akanigeukia.

"Na huyu binti mbona anatetemeka? Mgonjwa si mimi?"

"Ni kitambaa, bibi. Ni upepo."

"Upepo ndani ya nyumba," alisema Bibi, akamwangalia Mahmoudi kana kwamba amemletea kichaa.

Ulinitisha mkongojo, ingawa sikujua bado kwa nini. Papa alikuwa amemwambia Bibi aweke mikono miwili juu ya kichwa cha mkongojo wake, tasbihi ikining'inia vidoleni. Akapima kwa macho kutoka mikono hadi uso. Akatabasamu.

"Voilà. Shibiri moja kabisa. Mungu mwenyewe alipima."

Akalenga mikono.

Hapo ndipo hesabu ilipofunguka kichwani mwangu, moja kwa moja, kama mlango unaopigwa teke. Lenzi sasa ni nzima. Lenzi nzima ikilenga mikono itachora mikono.

Kamera ikalia, *tchak*.

Ningeweza kusema, "Papa, ngoja." Maneno mawili. Angeuliza kwa nini, na ningejibu mbele ya Mahmoudi, mbele ya Yannick, mbele ya Bibi. Nikajiambia labda mwanga ni mwingi, labda uso nao utaingia. Nikajiambia Papa ataangalia kioo cha kamera na ataona.

*Tchak.*

Papa aliangalia kioo. Kioo kile ni kidogo, kimekwaruzwa, na jua lilikuwa linakipiga. Kwenye kioo kile hata mvuke unapendeza.

"Vizuri sana, mama. Tena."

*Tchak. Tchak.*

Alipiga mara kumi na mbili. Nilihesabu. Mara kumi na mbili nilikuwa na muda wa kusema, na mara kumi na mbili niliinua kitambaa juu kidogo ili uso wangu usionekane.

Kisha Bibi akachoka, kichwa kikaegemea mto, Mahmoudi akasema basi.

"Imetoka?" aliuliza Bibi.

"Imetoka, mama. Kila unywele."

Lakini macho ya Bibi yalikuwa hayaniachi. Labda wagonjwa wanaona vitu. Alininyooshea mkono, wenye kovu kubwa la moto kwenye kidole gumba, akaniita nisogee.

"Wewe binti umesimama karibu. Umeniona. Nuru atanijua?"

"Atakujua, bibi," nikasema.

*

Jumapili hiyo hakukuwa na courant. Bila courant hakuna kompyuta, na bila kompyuta picha zilibaki ndani ya kamera kama yai ambalo hakuna aliyelivunja. Nilipanga. Hodari wa mipango ni mimi. Courant ikirudi, Papa ataona picha ni mbovu, ataomba samahani, atarudi Simi-Simi Jumatatu, na safari hii nitasema mimi, "Papa, lenga uso tu." Bibi atacheka tena bila meno. Hakuna atakayekufa.

Jumatatu alfajiri Bibi Mwanahamisi alikufa.

Mahmoudi alipiga simu saa moja. Kwao maiti halazwi hadi kesho yake. Adhuhuri watu walikuwa wameshamswalia, na baada ya hapo akazikwa. Papa alivaa shati lake jeupe akaenda. Mlangoni alimwambia Yannick, "Afadhali tulipiga jana. Unaona? Mutu asichelewe."

Saa nane mchana courant ikarudi. Feni ya studio ikaanza kuzunguka peke yake, kompyuta ikapiga mlio. Yannick akachomeka kamera.

Sikuwa nimesimama nyuma yake. Nilikuwa mlangoni, nimempa mgongo, najifanya naangalia watu.

"Benie," alisema. Halafu, "Benie, kuya uone."

Ilikuwa mikono. Mikono mizuri kuliko yote iliyowahi kupigwa picha mjini Kisangani. Ungeweza kuhesabu punje za tasbihi. Ungeweza kuona mishipa, kucha zenye hina iliyofifia, kovu la kidole gumba lenye makunyanzi yake yote. Na juu ya mikono, mahali pa uso, palikuwa na kitu cheupe na vivuli viwili.

Yannick alienda ya pili. Ya tatu. Aliharakisha hadi ya kumi na mbili, kisha akarudi ya kwanza, kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni alimokwisha kuutafuta.

"Papa atakufa," alisema.

Papa aliingia saa kumi, viatu vyake vina udongo wa makaburini. Picha ilikuwa kwenye kioo cha kompyuta. Alisimama mbele yake, akavua miwani, akaifuta kwa shati jeupe, akaivaa. Akaivua tena.

"Mukae," alisema. "Tufanye mise au point."

Nyumbani kwetu neno hilo lina maana mbili. Ya kwanza ni kulenga kamera. Ya pili ni kikao cha familia cha kujua nani alikula nyama ya sufuria. Nilikaa. Nilijua amejua. Nilikuwa nimeshafungua mdomo, naapa mbele ya gazeti hili, nilikuwa nimeshafungua.

"Kosa ni langu," alisema Papa.

Nikaufunga.

"Wiki mbili nasema objectif, objectif. Si objectif. Ni macho. Jicho lilianza kufa, na miye nikasingizia kioo. Ile shibiri moja, mulifikiri ni akili? Ni upofu ule. Kipofu anapapasa mbele yake." Alitazama mikono ya Bibi kwenye kompyuta. "Mama alikaa, alijitengeneza, alinicheka. Na miye nikapiga mukongojo."

"Papa..." nikasema.

"Benie, acha. Mutoto asimutetee baba yake mbele ya maiti."

Akachukua taulo, akaifunika kamera.

*

Jumanne alirudisha wateja watatu. Jumatano alikaa mlangoni, akafunika jicho la kulia kwa kiganja, akajaribu kuhesabu njiti za magurudumu ya toleka, baiskeli za abiria, zinazopita. Kisha akafunika la kushoto. Baiskeli hazisimami ili mtu azihesabu njiti. Hakuna macho duniani yanayoweza. Yeye akatikisa kichwa, kana kwamba daktari amemsomea majibu.

Mama alipiga simu kutoka Isangi kuuliza kama tumekula. Nikasema ndiyo.

Mara tatu nilisimama nyuma ya kiti cha Papa ili niseme. Mara ya tatu aligeuka akasema, "Weye unaona nini kule mbali, maandishi ya ile duka?" Nikamsomea maandishi. Akasema, "Asante, mwanangu," kwa unyenyekevu ambao sitamani kuusikia tena maishani.

*

Alhamisi saa nne, Mahmoudi alishuka kwenye toleka mbele ya studio. Nyuma yake ikasimama pikipiki, na mwanamke akashuka. Alishika mkongojo, ingawa miguu yake ilikuwa mizima.

Sikuhitaji kuambiwa. Alikuwa Bibi Mwanahamisi aliyevuliwa miaka arobaini. Macho yaleyale yaliyoamka.

"Shikamoo, mzee," alimwambia Papa.

Sisi hatuna salamu hiyo. Papa alitafuta jibu angani. "Eee... shikamoo, mwanangu."

"Anaongea kama kitabu," Yannick alininong'oneza.

"Nilifika jana jioni," alisema Nuru. "Nimeoneshwa kaburi. Kaka anasema mna picha."

Papa alikuwa ameichapa ile iliyo afadhali. Sijui aliichapa lini. Aliitoa kwenye bahasha akampa kwa mikono miwili, kisha akasimama wima, kama mtu anayengoja kupigwa.

Nuru aliitazama. Akaisogeza karibu, akaisogeza mbali. Akaenda nayo dirishani.

"Hii mikono ni yake?"

"Ni yake."

"Hili kovu. Uji ulimwagika. Nilikuwepo, nalikumbuka." Akapitisha kidole juu ya karatasi, akapanda hadi kwenye kile cheupe na vivuli viwili, akasimama hapo. "Mikono naikumbuka, mzee. Ilikuwa inanibeba. Uso ndio siukumbuki. Nimekuwa njiani siku kumi na moja kwa ajili ya uso."

Nje toleka ilipiga kengele.

"Ni macho yangu," alisema Papa. "Objectif iko mpya. Mama hakutikisika. Ni macho yangu yalikwisha, na miye sikusema. Unisamehe, mwanangu."

Aliichukua dhambi yangu akaivaa mbele ya yule mwanamke, na ilimtosha kabisa, kwa sababu aliamini ni yake.

Mahmoudi alikohoa. "Nuru, weye ni mama kabisa. Uliza mutu yeyote wa avenue."

"Najua. Jana kila aliyefungua mlango alishtuka." Nuru alirudisha picha kwenye bahasha. Akafikiri. "Basi nipigeni mimi. Nimekuja na mkongojo wake, na mtandio wake ninao. Nitakaa alivyokaa. Nimwone."

"Si miye," alisema Papa. "Miye sitaigusa tena."

"Papa," alisema Yannick, na ninataka kumtendea haki kaka yangu: alimshika bega. "Fanya test moja tu. Gazeti, ukuta. Moja kwa moja, bila shibiri. Herufi zikitoka, macho iko muzima, objectif njo ilikuwa na mambo yake. Zisipotoka, nitapiga miye, na hatutasema tena."

Wasomaji, moyo wangu ulipaa kwa furaha. Lenzi ilikuwa kwenye sifuri. Herufi zingetoka! Papa angepona macho, Nuru angepata uso, na hakuna mtu duniani angehitaji kujua lolote. Nilimshukuru Mungu kwa ajili ya Yannick, jambo ambalo sijawahi kulifanya. Nilikimbia mwenyewe jikoni kuleta fufu ya kubandikia.

Niliporudi, Yannick alikuwa amevuta gazeti chini ya mikebe ya sardini. Akachagua ukurasa wenye herufi ndogo kuliko zote, akaubandika.

Papa aliondoa taulo. Akaweka kamba shingoni. Akalenga, akataka kusogea shibiri moja mbele, Yannick akasema, "Moja kwa moja, Papa." Akalenga moja kwa moja.

*Tchak.*

Akakuza picha kwenye kioo kidogo. Akakuza tena.

"Yannick."

"Papa."

"Naona koma."

"Koma gani?"

"Koma! Alama ya koma! Naiona, na mukia wake!" Alianza kucheka, na machozi yakamtoka chini ya miwani. "Macho yangu iko muzima! Mahmoudi, macho yangu iko muzima!"

Mahmoudi alimpiga mgongoni. Nuru, bila kungoja kuambiwa, alijifunga mtandio mweupe na kukaa kitini. Papa akaanza kusoma kwa sauti ya mnadani, ili mtaa mzima ushuhudie.

"'Baba yangu ana mikebe mitatu ya sardini ambayo hailiwi na mtu'... Ha! Huyu mutu anafanya kama miye!"

Nikageuka kutazama ukuta.

Jumamosi. Mahmoudi mlangoni. Gazeti zima kama lilivyokuja, ukurasa wa hadithi haujatolewa.

"'Anaipanga juu ya meza, mmoja nyuma ya mwingine,'" alisoma Papa, bado anacheka, "'na mimi nampikia chai, namtazama, sisemi kitu.'" Akabonyeza mshale kushuka. "'Ndani ya kamera kuna ukurasa wa menyu...'"

Sauti yake ikapungua.

"'...ambao nyumbani hakuna anayeujua.'"

Yannick alikuwa ameacha kutabasamu. Papa aliendelea kusoma kwa midomo tu, bila sauti. Kisha akainua kichwa akanitazama. Hakuwa na hasira. Alinitazama vile anavyomtazama mtu kabla ya kuamua mwanga utoke upande gani.

Akavua kamba shingoni, akanipa kamera. Kamba ilikuwa bado na joto lake.

"Miye sikusoma sana," alisema. "Weye njo basista walikufundisha. Malizia. Kwa sauti, Nuru asikie."

Nuru alikuwa amekaa tayari, mtandio wa mama yake kichwani, mikono miwili juu ya mkongojo, shibiri moja mbele ya uso wake. Alikuwa ananitazama mimi.

Nikaangalia kioo. Kila herufi ilikuwa imetoka. Mstari uliofuata ulianza na neno "Mimi".